Joto Linavyoila Nguvu ya Sumaku: Mwongozo Kamili wa Kuipima, Kuikinga na Kuitumia

Niliwahi kumrudishia mteja spika ikiwa mbovu kuliko ilivyonijia. Ilikuwa ya kwaya ya kanisa, ile ndogo ya sauti nyembamba yenye pembe, na koili yake ilikuwa imeungua. Gundi iliyoshika sumaku na bamba lake ilikataa kuachia, nikaipuliza hewa moto mpaka ikalainika. Koili mpya ikaingia vizuri. Nilipoijaribu, sauti ilitoka hafifu kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Nikabadilisha koili tena. Nikabadilisha nyaya. Siku tatu nzima nilitafuta kosa kwenye umeme, kumbe kosa lilikuwa kwenye sumaku. Nilikuwa nimeipasha kupita kiwango chake, na ilipopoa haikurudi ilivyokuwa.

Mafundi wengi wa Kisumu tukikutana na jambo kama hilo husema sumaku "imeungua". Neno hilo limetugharimu sana. Joto huipunguzia sumaku nguvu kwa njia tatu, na kila moja ina dawa yake: nguvu nyingine hurudi yenyewe sumaku ikipoa, nyingine hurudi kwa kusaidiwa, na nyingine hairudi kabisa. Asiyezitofautisha atatupa sumaku iliyo nzima, au atamfungia mteja sumaku iliyokufa na kulipwa kwa kazi isiyofaa. Nitaeleza namna ya kuzitofautisha kwa vifaa ambavyo fundi au mwalimu wa sekondari anaweza kuvipata, kisha nionyeshe mahali ambapo kupotea kwa usumaku kuna faida kubwa, kwenye tanuri la mhunzi na chini ya sufuria ya wali.

Mitumbwi na mawimbi

Ndani ya chuma, kila atomu ni kijisumaku kwa sababu ya elektroni zake. Katika vitu vingi vijisumaku hivi hufutana. Katika chuma, nikeli na kobalti, atomu jirani hukubaliana kuelekea upande mmoja, lakini hukubaliana kwa makundi, kila kundi na mwelekeo wake. Wanafizikia huyaita makundi hayo domeini, na aliyeleta wazo hilo mwaka 1907 ni Mfaransa Pierre Weiss.

Fikiria mashindano ya mitumbwi kwenye ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Kila mtumbwi ni domeini moja, na wapiga makasia ndani yake ni atomu. Kipande cha chuma cha kawaida, kama msumari, ni mitumbwi iliyotawanyika ziwani, kila mmoja na uelekeo wake, kwa hiyo msumari hauvuti kitu. Sumaku ni mitumbwi yote ikiwa imeelekezwa upande mmoja. Joto ni mawimbi.

Mawimbi madogo huwavuruga wapiga makasia kidogo. Mdundo hulegea, nguvu hupungua, lakini maji yakitulia wanashika tena mdundo wao. Huo ndio upotevu wa kwanza, unaorudi wenyewe.

Mawimbi yakizidi, baadhi ya mitumbwi hugeuzwa. Maji yakitulia, wapiga makasia wa mtumbwi uliogeuka wanapiga kwa nguvu zilezile, ila wanaelekea kwingine na kupingana na wenzao. Kila mtumbwi ni mzima, msafara ndio umevurugika. Upotevu huu wa pili haurudi kwa kupoa. Unahitaji mtu wa kuipanga mitumbwi upya, yaani kuitia sumaku tena kwa mkondo mkubwa wa umeme.

Tufani kubwa hupasua mbao. Sumaku iliyopata kutu ndani, iliyopasuka au ambayo madini yake yamebadilika kwa joto kali imefikia hapo, na hata ukiitia sumaku upya haitashika kama mwanzo.

Halafu kuna kikomo kingine ambacho huitwa nukta ya Curie, kwa jina la Pierre Curie aliyechunguza jambo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1895. Katika halijoto hiyo wapiga makasia ndani ya mtumbwi mmoja hawasikilizani tena hata kidogo, na chuma huacha kabisa kuwa kitu cha sumaku mpaka kipoe. Kwa chuma kikomo hicho ni nyuzi 770 za Selsiasi, kwa kobalti ni karibu 1,120, na kwa nikeli ni karibu 358. Ipo metali iitwayo gadoliniamu ambayo kikomo chake ni kama nyuzi 20 tu. Alfajiri ya Nakuru ingenaswa na sumaku, na mchana wa Kisumu ingeachiwa. Kila nikifikiria hilo huona jinsi nguvu hii ya sumaku tunayoiona ya kudumu ilivyo ya masharti.

Hatua ya kwanza: ijue sumaku uliyo nayo

Usiipashe sumaku yoyote kabla hujajua aina yake. Katika vibanda vyetu utakutana hasa na aina tatu.

Ile nyeusi au ya kijivu iliyokolea, inayovunjika kama kigae na haishiki kutu, ni feraiti. Ndiyo iliyo nyuma ya spika nyingi za matatu na sabufa za nyumbani, na ndani ya mota nyingi ndogo. Haipitishi umeme, kwa hiyo ukiigusa kwa nyaya mbili za mita utaona hakuna mkondo. Nukta yake ya Curie ni karibu nyuzi 450, na kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi mpaka karibu nyuzi 250.

Inayong'aa kama sarafu mpya, ndogo lakini yenye kubana vidole, ni ya neodimiamu. Utaitoa kwenye diski kuu za kompyuta, spika za masikioni, spika nyepesi za ukumbini, na mota za pikipiki za umeme. Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoogopa joto kuliko zote. Ya daraja la kawaida huanza kuharibika ikipita nyuzi 80. Nukta yake ya Curie iko juu ya nyuzi 300, lakini usidanganywe na namba hiyo, maana mitumbwi hugeuka mapema sana kabla wapiga makasia hawajachanganyikiwa kabisa. Daraja huandikwa kwa herufi mwishoni mwa namba. N35 au N42 bila herufi ni ya nyuzi 80. Ikifuatwa na M ni 100, H ni 120, SH ni 150, UH ni 180, na EH ni 200. Unapoagiza sumaku ya mota, uliza herufi hiyo kabla ya kuuliza bei.

Aina ya tatu, alniko, ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Inapatikana kwenye spika za zamani. Ni metali ngumu ya rangi ya fedha isiyopakwa kitu. Joto haliitishi, inastahimili hata nyuzi 500. Udhaifu wake uko kwingine: ukiisugua vibaya na sumaku nyingine, au ukiiondoa kwenye chuma chake, hupoteza nguvu kwa urahisi.

Hatua ya pili: pima kwa simu

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu kipimo hiki kingeniokolea siku zangu tatu.

Simu yoyote yenye dira ina kipima sumaku ndani yake. Weka programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, na ufungue sehemu ya usumaku. Utaona namba tatu, za mwelekeo wa x, y na z, kwa kipimo cha mikrotesla. Bila sumaku karibu, nguvu ya pande zote tatu kwa pamoja (si kujumlisha tu namba hizo) huku kwetu huwa takriban 33 au 34. Huo ni usumaku wa dunia yenyewe. Ukiona namba kubwa zaidi, angalia kama meza yako ina fremu ya chuma.

Tafuta meza ya mbao. Chukua sumaku moja ya feraiti kutoka spika iliyokufa, na sufuria ndogo. Sufuria zetu za alumini zinafaa kabisa kwa kuwa alumini haivutwi na sumaku, lakini usitumie bakuli la bati lililopakwa rangi, kwani ndani yake ni chuma. Kipimajoto kiwe cha kioo au cha jikoni kinachofika nyuzi 100.

Laza simu mezani na uizungushie mstari wa kalamu ili isisogee. Weka alama ya mahali pa sufuria ili sumaku iwe kama sentimita 20 kutoka kwenye simu. Usiikaribishe zaidi ya hapo, sumaku kubwa ikigusana na simu huvuruga dira yake. Soma kwanza namba bila sumaku na uziandike. Kisha weka sumaku ndani ya sufuria, uso wake ukielekea simu, uishikilie kwa vijiti vya mbao isiyumbe. Chagua mwelekeo mmoja tu, ule ambao namba yake imeruka zaidi, na uufuate huohuo mpaka mwisho.

Tuseme bila sumaku mwelekeo wa y ulisoma 20, na sumaku ilipoingia ukasoma 220. Nguvu ya sumaku mahali pale ni 200. Iandike pamoja na halijoto ya maji, ambayo chumbani Kisumu itakuwa nyuzi 25 au zaidi.

Sasa chemsha maji pembeni, uyamimine kwa upole bila kuisogeza sumaku. Ukiwa Kisumu, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 96. Nakuru, ambako ni juu zaidi, huchemka kwenye nyuzi kama 94. Yakishamwagwa yatashuka kidogo, tuseme 90. Subiri dakika mbili au tatu ili joto liingie mpaka kiini cha sumaku, kisha soma. Usihangaike kuifanya iwe moto tena. Iache ipoe yenyewe, usome kila inaposhuka nyuzi kumi. Ukitaka upande wa baridi, waombe wauza samaki vipande vya barafu, uviongeze taratibu mpaka ufikie karibu nyuzi sifuri. Ikinge simu isipigwe na mvuke wala jua la dirishani, maana kipimo chake hubadilika simu ikipata moto.

Utegemee nini? Feraiti hupoteza karibu asilimia 0.2 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayopanda. Kutoka 25 mpaka 90 ni nyuzi 65, ambazo ni asilimia 13. Kwa hiyo 200 yetu itashuka mpaka 174, na simu itasoma 194. Neodimiamu hupoteza karibu asilimia 0.12 kwa nyuzi, yaani chini ya asilimia 8 kwa safari ileile. Alniko ni asilimia 0.02 tu, na hutaweza kuliona badiliko lake kwa simu.

Kipimo chenye uzito kuliko vyote ni cha mwisho. Maji yakisharudi kwenye halijoto uliyoanzia, soma tena. Feraiti itarudi kwenye 220 yake, au karibu sana. Mawimbi yametulia na mdundo umerudi. Rudia jaribio lote kwa sumaku nyembamba ya neodimiamu ya daraja la kawaida, ambayo hujali kuipoteza. Ikirudi chini ya ilipoanzia, umeona kwa macho yako mitumbwi iliyogeuka. Inayoumia zaidi ni ile nyembamba kama sarafu. Ile ndefu kama kipande cha chaki hustahimili zaidi, hata zikiwa za daraja moja, kwa sababu sumaku nyembamba hujipinga yenyewe kwa nguvu zaidi.

Pasha mara ya pili kwa kiwango kilekile, na mara nyingi utakuta haipotezi tena kitu kikubwa. Mitumbwi dhaifu imeshageuka mara ya kwanza. Watengenezaji wa vipimo vya usahihi huitumia tabia hii kwa makusudi: huipasha sumaku kidogo kupita joto itakalofanyia kazi, ipoteze cha kupoteza, ndipo waifunge kwenye kifaa.

Hatua ya tatu: tazama chuma kikiachwa na sumaku

Jaribio hili ni la dakika kumi na wanafunzi hulipenda. Kata kipande cha waya mweusi wa kufungia nondo, urefu wa sentimita mbili. Kisiwe kimepakwa zinki, kwa sababu moshi wa zinki ni sumu mapafuni. Waya unaong'aa kama bati uache. Kining'inize kwa uzi mrefu wa shaba uliofungwa juu kwenye kijiti. Shika sumaku ya feraiti pembeni, kwa stendi au kwa matofali, ili waya uvutwe upande wake na ubaki umening'inia mshazari bila kuigusa, pengo likiwa kama sentimita moja au mbili.

Lete mwali wa gesi, ule wa samawati, kwenye ncha ya waya. Usiuelekeze kwenye sumaku. Waya utawaka wekundu, na ghafla utaanguka na kuning'inia wima kama kwamba sumaku haipo. Ukitoka kwenye mwali utapoa, utavutwa tena, utaingia kwenye mwali tena. Ukiupanga vizuri utabembea wenyewe muda mrefu kama saa ya ukutani. Mwingereza William Gilbert aliandika mwaka 1600 kwamba chuma kilichopashwa mpaka kikawa chekundu hakivutwi na sumaku. Wahunzi, bila shaka, walikuwa wamekwisha kuliona hilo kwenye matanuri yao.

Kwa wahunzi: sumaku ni jicho la pili

Wasamia wa Busia walijulikana tangu zamani kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe, na majembe yao yalifika mbali kwa biashara. Leo wahunzi wetu wa jua kali hutumia springi za magari, ambazo ni chuma chenye kaboni ya kutosha kukazwa. Ubora wa kisu au shoka hutegemea kukipasha chuma mpaka kiwango sawasawa kabla ya kukichovya kwenye mafuta. Kikipungua, hakikazi. Kikizidi, chembe zake hunenepa na kisu kinakatika kama biskuti.

Mhunzi huangalia rangi. Shida ni kwamba rangi hutegemea mwanga ulipo. Chuma chenye nyuzi 800 kwenye kibanda chenye giza ni chekundu kilichoiva, lakini kilekile ukikitoa mchana wa Kisumu kinaonekana kama ambacho hakijapata moto. Fundi anakirudisha, anakizidisha, na kazi inaharibika. Sumaku haijali jua.

Tafuta sumaku ya feraiti uifunge kwenye ncha ya fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono mzima. Usitumie neodimiamu hapa, utaiua siku ya kwanza. Pasha kisu polepole, ukisogeze mbele na nyuma motoni ili joto lilingane tangu mgongo hadi makali. Kikianza kuwa chekundu, kitoe, kiguse kwa sumaku kisha uiondoe mara moja. Ikiwa bado inashika, rudisha. Jaribu ncha, katikati na karibu na mpini, kwa sababu ncha hutangulia. Ikiacha kushika kila mahali, rudisha kisu motoni kwa muda mfupi tu kiongeze joto kidogo, kisha kitumbukize kwenye mafuta yaliyopashwa kiasi cha uvuguvugu mkali, ncha ikitangulia, ukikisogeza mbele na nyuma bila kukiyumbisha pembeni. Mwali unaweza kuruka, kwa hiyo weka chombo cha chuma chenye mfuniko karibu, na maji ya kuzimia yakae mbali na mafuta.

Katika chuma chenye kaboni nyingi kama springi, usumaku hupotea pamoja na badiliko la ndani ambalo huanza kwenye nyuzi kama 727, pale chembe zake zinapojipanga upya. Badiliko hilo ndilo linalowezesha kukaza. Ndiyo sababu sumaku ni shahidi mzuri hasa kwa chuma cha aina hiyo, na ndiyo sababu usikawie kati ya moto na mafuta. Nondo za kawaida za ujenzi nazo hupoteza usumaku zikipashwa, lakini kwa kawaida hazina kaboni ya kutosha na hazitakaza kama springi hata ufanye nini.

Kisu kikishapoa, jaribu makali kwa tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza. Usikitumie hivyo, kitavunjika. Kirudishe kwenye joto la nyuzi kama 200 kwa saa moja, mpaka uso uliosafishwa uwe na rangi ya majani makavu. Shoka au jembe lipashe zaidi, likaribie samawati, kwa sababu linapigwa na mawe na visiki.

Chini ya sufuria ya wali

Ukipika mchele wa Ahero kwenye jiko dogo la umeme la wali, lile linalojizima lenyewe, unatumia nukta ya Curie kila siku. Katikati ya sehemu ya chini kuna kitufe cha duara chenye springi. Ndani yake kuna sumaku ya kudumu na kipande cha feraiti laini, aina nyingine isiyo ile ya spika, ambacho kimetengenezwa kipoteze usumaku kwenye nyuzi kama 103. Maji yakiwapo, sufuria haiwezi kuvuka joto la maji yanayochemka. Mchele ukishayanywa yote, joto hupanda haraka, feraiti inaacha kushika, springi inasukuma, na swichi inapiga "tak".

Mteja akilalamika kwamba jiko linaunguza au linazima wali ukiwa mbichi, usikimbilie kubadilisha swichi. Chomoa umeme, toa sufuria, angalia kitufe hicho. Mara nyingi kuna punje ya wali iliyoganda juu yake, au sufuria imebonyea chini kwa kuangushwa, hivyo kitufe hakigusani nayo na kinachelewa kupata joto. Punje ikikwama pembeni ya kitufe nayo hukizuia kisirudi juu au chini vizuri. Futa kwa kitambaa kibichi, nyoosha sufuria kwa kuigonga juu ya mbao bapa, ujaribu kwa kikombe kimoja cha maji matupu. Likizima muda mfupi baada ya maji kukauka, ni zima.

Chuma kinapopoa hukumbuka

Chukua kipande cha tupa kuukuu, kipashe mpaka kiwe chekundu, kisha kilaze juu ya matofali kikielekea kaskazini na kusini kipoe. Hapa kwetu kilaze karibu mlalo, ncha ya kaskazini ikiinuliwa kidogo, kwa sababu usumaku wa dunia katika eneo hili uko karibu na mlalo. London ingebidi kisimamishwe karibu wima. Kikipoa, kilete kwenye dira. Ncha iliyokuwa kaskazini itaisukuma ncha ya kaskazini ya dira. Kusukuma ndiko kunakothibitisha, kwani hata msumari mtupu usio na usumaku huvutana na dira. Nguvu yake ni ndogo, lakini haikuwepo kabla.

Lava ya volkano ya Menengai ilifanya hivyohivyo. Madini ya magnetaiti ndani yake, ambayo nukta yake ya Curie ni nyuzi 580, yalipopoa chini ya kiwango hicho yalishika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati ule. Vyungu vyetu vya Nyanza vinavyochomwa kwa kuni na nyasi hupata kumbukumbu ileile pale moto unapovuka kiwango hicho, na mwanaakiolojia anaweza kuisoma.

Kukinga, na kujua kama inafufuka

Unapolazimika kulainisha gundi, pima joto kwa kipimajoto cha mbali wala usikisie kwa kidole. Kwa neodimiamu usivuke 70. Tumia kiyeyushi cha gundi na uvumilivu, au kata gundi kwa waya mwembamba. Feraiti inavumilia joto, ila ipashe polepole: mwali wa gesi upande mmoja huipasua katikati, na huo ni upotevu wa tatu usio na dawa. Usichomelee fremu ya mota sumaku zikiwa ndani. Na ukisikia mtu anapendekeza kuiweka mota ya feraiti kwenye friza ili "iongezewe nguvu", mzuie. Nguvu yake hupanda kidogo kwenye baridi, lakini uwezo wa feraiti kustahimili mkondo unaopingana nayo hupungua, na mota ikiwashwa ikiwa bado baridi sana inaweza kujiharibu.

Pikipiki ya umeme iliyopanda mlima ikiwa na abiria wawili na gunia, ikazidi kuwa dhaifu na kisha ikapata nafuu baada ya kupumzika kivulini, imepoteza kile kinachorudi. Ikiwa siku inayofuata asubuhi, betri imejaa, bado inachoka haraka na kula umeme zaidi kuliko zamani, shuku sumaku.

Sumaku ikija mezani ikiwa dhaifu, ipime kwa simu kwenye umbali uleule ukiilinganisha na nzima ya saizi ileile. Ikague kwa kutu na nyufa. Ikiwa nzima kwa umbo, inaweza kufufuka, na swali linalobaki ni la vifaa. Alniko inahitaji nguvu isiyozidi nusu tesla hivi, na koili nene iliyopitishiwa mkondo wa betri ya gari kwa kufumba na kufumbua inaweza kuifikia. Feraiti inataka karibu tesla 1. Neodimiamu inataka karibu 3, na hiyo ni kazi ya mashine maalumu yenye kapasita kubwa zinazofyatua umeme wote kwa mara moja. Usijaribu kuijenga kibandani, umeme wake unaua.

Spika ya kwaya niliifungia sumaku mpya ya daraja la H, kwa gharama yangu, na gundi mpya niliiacha ikauke yenyewe usiku kucha bila kuipasha. Kwenye daftari nina safu moja niliyoongeza tangu wakati huo: usomaji wa sumaku kabla ya kazi, na usomaji baada ya kazi, kwa nyuzi zilezile.